Supa, kwa Mujibu wa Shangazi

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku nyumbani wote wazima, isipokuwa Mama aliyejikwaa kwenye ndoo, na hata yeye ameshaanza kutupigia kelele kama kawaida, kwa hiyo amepona.

Baba anasema amekupigia simu tangu mwaka mpya na hupokei. Nimemwambia labda simu ni mbovu. Nikikwambia kweli, nimefurahi kidogo kupata sababu ya kuandika. Kwenye simu huwa nasema "ndiyo" na "sawa" halafu maneno yananiishia, nabaki nasikiliza pumzi yangu mwenyewe.

Nina kazi ya shule. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametaka kila mmoja achague neno moja lililotoka Kiingereza, afuatilie watu wanavyolitumia, aandike kurasa nne, kisha asome mbele ya darasa. Nimechagua "supa". Nilidhani ni rahisi kwa sababu liko kila mahali. Daftari ninaloandikia limechapishwa Supa kwenye jalada, na kurasa zake zinang'oka ukipumua karibu nalo. Kinyozi wa kona ameliandika mlangoni. Kaka akiona bao zuri analisema mara tatu.

Jana nilienda dukani kununua betri za tochi. Muuzaji akaniwekea mezani mbili, akasema hizi supa. Nilivyosita akainama, akatoa nyingine chini ya meza, akasema hizi ndizo supa kabisa. Nilitaka kumuuliza zile za kwanza zilikuwa nini, lakini kulikuwa na watu nyuma yangu, nikaona aibu.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Nyinyi kiwandani mnagonga muhuri wa Supa kwenye kitako cha kikombe. Lazima mnajua maana yake, vinginevyo mngejuaje pa kugonga? Naomba unieleze kwa maneno yako.

Mpwa wako,
Karani

*

13 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Simu iliingia maji. Mwambie baba yako aache kujichosha, mkono wako unasomeka vizuri kuliko sauti yake inavyosikika.

Umeuliza swali ambalo katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mwenye kiwanda. Basi andika.

Vikombe vikitoka tanurini vinaachwa vipoe siku nzima, kisha vinaletwa kwetu vimepangwa juu ya mbao. Meza yetu ina wakaguzi wanne, na kila mmoja ana kijiti chake cha mti mgumu, urefu wa kalamu. Unachukua kikombe, unakigonga ukingoni mara moja. Sio mara mbili. Anayegonga mara mbili anatafuta wa kumsaidia kuamua. Kikiwa kizima unakiweka kulia. Kizima lakini rangi imechuruzika, katikati, hicho tunaita cha pili. Kikiwa na ufa unakiweka kushoto, kinarudi kusagwa. Cha kulia peke yake ndicho kinachogongwa muhuri.

Ufa ninaousema huuoni kwa macho. Kikombe kinang'aa, kinacheka, unaweza kukioa. Siku mtu anammiminia mgeni wake chai ya moto, kikombe kinaachana na mkono wake wa kushikia, na chai inaishia mapajani. Kwa hiyo supa ni kikombe ambacho hakitamuaibisha mtu nisiyemjua, katika nyumba nisiyoifikia. Mwalimu wako akitaka maana nyingine aje akae mezani.

Wenzangu siku hizi wananiita Bi Supa. Sio sifa. Wanasema nimeanza kujidai, nasalimiwa siitikii, naagizwa kitu nageuza uso. Nimewaambia mimi nimekuja kukagua vikombe, sikuja kukagua salamu. Wakacheka, mimi nikaendelea.

Soma kwa bidii. Na ule, maana nasikia umebaki shingo.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa mwalimu baada ya kipindi, tukiwa wawili tu. Alicheka pale pa kuoa kikombe, kisha akaniomba ainakili ile sentensi ya nyumba usiyoifikia.

Nimeendelea kuuliza watu, kwa maandishi pale ilipowezekana. Seremala wa mtaa wa nyuma anasema supa ni mbao iliyokauka hadi ndani. Mama anasema ni kitu ambacho ukikiona bei unakirudisha polepole. Dada wa saluni anasema ni mteja akitoka amenyamaza anajitazama kwenye kioo. Nimegundua kwamba anayeuza huitamka kabla, na anayenunua huitamka baada, na mara nyingi hawazungumzii kitu kilekile. Mwalimu amesema hapo pana ukurasa mzima.

Bado kwako nina swali moja. Kikombe cha supa kinaliaje? Naomba uniandikie mlio wake kwa herufi, na wa kile kibovu pia, ili nikisoma darasani niutoe kwa mdomo. Nimeshajaribu chumbani, Kaka akagonga ukuta akauliza kama ninaumwa.

Mpwa wako,
Karani

*

2 Machi

Karani,

Marahaba. Kinalia vizuri.

Sasa nikueleze jambo lenye maana zaidi. Kikombe hakishikwi, kinakalishwa juu ya ncha za vidole vitatu, na kidole gumba kinaugusa mkono wake kwa mbali, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Ukikigonga, kuna kitu kinakimbia. Kinaanzia ukingoni, kinazunguka, kinashuka hadi kitakoni na kuingia vidoleni kama paka anayekoroma. Kikombe kizima kinatetemeka kwa mtetemo mmoja, unaopungua taratibu hadi ukaisha. Chenye ufa mtetemo wake unakatika, kama watu waliokuwa wakisengenya mlango ukafunguliwa. Na ufa ukiwa pale mkono ulipoungana na kikombe, vidole vitatu haviambiwi kitu. Kidole gumba ndicho kinachoambiwa. Hilo nimelijua mwaka jana tu, na meza nzima hakuna mwingine anayelijua.

Tumepata meneja mpya. Kijana msafi, viatu vyake haviogopi vumbi la udongo, vumbi ndilo linaviogopa. Amebandika karatasi ukutani: Chombo cha supa ni chombo kinacholia vizuri. Mkaguzi lazima awe na masikio mazuri. Na ili kujua nani ana masikio hayo, Alhamisi tarehe 2 Aprili tutafanyiwa mtihani. Yeye atakaa nyuma ya pazia na vikombe mia mbili, atagonga kimoja kimoja, na sisi tukiwa upande wa pili tutaandika kizima au kibovu, bila kukigusa. Atakayekosa zaidi ya kumi anaondoka mezani. Wanasema atapelekwa kufunga maboksi, lakini kwenye maboksi watu wameshajaa, kwa hiyo ujue ni kupelekwa nyumbani.

Mimi sina wasiwasi. Ishirini na miwili sio michache.

Shangazi yako

*

9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara sita, na barua hii nimeichana mara tatu.

Nilipokuwa darasa la tatu ulinipeleka kiwandani siku ya likizo. Ulinikalisha kwenye boksi, ukanigongea vikombe, ukaniambia nifumbe macho. Ulisema kizima kinasema "tiiing" hadi uhesabu nne, na kibovu kinasema "tak" kama mtu aliyezabwa kofi. Ulikuwa unaimba kabisa. Safari hii nimekuomba mlio, umenipa maneno mawili, kisha mistari kumi juu ya vidole.

Na hujapokea simu tangu mwaka mpya. Na wenzako wanasema wanakusalimia huitikii. Wewe ninayekujua ulikuwa unamwitikia hata mtu aliyekuwa anamsalimia mwingine.

Naogopa kuandika kinachofuata, lakini nikikiacha nitakuwa kama yule muuzaji wa betri, aliyeficha za kweli chini ya meza. Shangazi, bado unasikia?

Kama nimekosea, nisamehe na unicheke. Kama sijakosea, mtihani wa pazia haupimi unachokijua wewe. Mtu hawezi kukunyima vidole halafu akasema hujui.

Sijamwambia mtu.

Karani

*

14 Machi

Karani,

Nilikupa ruhusa ya kuchunguza neno, sikukupa ya kunichunguza mimi.

Unasema hujamwambia mtu. Leo saa nne fundi wa tanuri ameniletea karatasi kutoka ofisini: mdogo wangu, baba yako, amepiga simu kwa meneja kuuliza hali yangu. Kwa meneja, Karani. Katika wiki hizi. Baba yako angejuaje pa kuanzia kama hukumnong'oneza? Sasa yule kijana ananitazama kwa kuinamisha kichwa, kama kuku anayetazama punje.

Mimi nimeilea meza ile. Wale watatu nimewafundisha mimi kushika kijiti. Nimekaa miaka miwili nikisoma midomo ya watu na kuchagua pa kukaa ili mlango uwe mbele yangu, na hakuna kikombe changu hata kimoja kilichorudishwa na mteja. Kimoja. Na sasa nitaondolewa na pazia.

Usiandike tena hadi mtihani upite.

Shangazi yako

*

20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijawahi kukukaidi, na leo nakukaidi kwa kuandika.

Baba hajui lolote. Alipiga simu ofisini kwa sababu anadhani umemkasirikia kwa kutokuja mwaka mpya. Alikuwa ameshapanga maneno ya kukuomba msamaha, nilimsikia akiyarudia akinyoa ndevu. Nilipopata barua yako nilitaka kumweleza, nikakumbuka kwamba siri ni yako. Mpaka sasa anatembea na kosa ambalo hakulifanya.

Juzi nilisoma kazi yangu darasani. Nilifika mwisho. Mwenzangu mmoja anayependa kubisha akauliza: katika watu wote hao, supa ya kweli ni ya nani? Huwa nikiulizwa mbele ya watu sijibu. Safari hii jibu lilitoka kabla sijaona aibu. Nilisema ni ya shangazi yangu, kwa sababu yeye peke yake anaisema akiwa na njia ya kuonyesha amekosea.

Nilipokaa chini ndipo nikaona kitu kwenye ile karatasi ya meneja. Anasema supa ni chombo kinacholia vizuri. Sio kweli. Wewe uliniandikia mwenyewe kwamba supa ni kikombe kisicho na ufa. Mlio ni shahidi tu wa ufa. Vidole vyako ni shahidi mwingine. Meneja amemchagua shahidi mmoja akamfanya hakimu, na nyuma ya pazia anapanga kupima mashahidi, sio vikombe.

Bila shaka ipo njia ya kujua ufa bila kutegemea sikio wala kidole. Fundi wa tanuri hana?

Ningekuwa wewe ningemwendea meneja kabla ya Alhamisi nikamwambia wazi. Lakini mimi siwezi hata kumuuliza muuzaji swali kukiwa na foleni, kwa hiyo sijui kama nina haki ya kukushauri. Nimeandika tu ninachokiamini.

Mpwa wako anayekupenda,
Karani

*

5 Aprili

Karani wangu,

Marahaba, na mara mia. Kaa chini kwanza. Kama umesimama mlangoni kama kawaida yako, kaa.

Barua yako nilikaa nayo siku tano mfukoni mwa aproni. Nilikuwa nimekasirika, lakini sikukasirikia uongo, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote. Jumatatu nikaenda ofisini. Nikafunga mlango, nikavuta kiti nikakiweka mahali ninapoiona midomo yake, nikamwambia: Meneja, mimi sisikii. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linapokea ngurumo tu. Ni ile mashine ya kusaga udongo, nilikaa nayo ukuta mmoja miaka yote.

Akaanza kusema pole, polepole, akifungua mdomo kama anayemlisha mtoto. Nikamkatiza. Nikamwambia sikuja kuchukua pole. Karatasi yako ya ukutani ina kosa. Supa sio mlio, supa ni kutokuwa na ufa, mlio ni shahidi. Nilikariri maneno yako, Karani, sikubadilisha hata moja. Akasema sheria ni ya wote, Alhamisi ni pazia. Nikamwambia sawa, pazia kwa wenye masikio, mimi nipe vikombe vilevile mkononi, na mwisho vyote mia mbili vitumbukizwe kwenye maji ya wino.

Maana njia ipo, ulibahatisha. Fundi wa tanuri anayo tangu enzi. Kikombe kinalala kwenye maji yenye wino wa bluu, kikitolewa na kupanguswa, ufa umekunywa wino na unaonekana kama mshipa. Hatuitumii kila siku kwa sababu inachukua saa nzima, lakini haidanganyi.

Meneja alitaka kukataa. Nilimwona. Ndipo fundi, aliyekuwa amesimama dirishani akijifanya anatafuta bisibisi, akaingiza kichwa akasema pipa la wino liko tayari, yeye anasubiri neno tu.

Alhamisi kiwanda kizima kilipata udhuru wa kupita pale. Wenzangu watatu walianza, pazia likiwa katikati, kila mmoja na karatasi yake. Nilitazama migongo yao. Sikuwaombea mabaya, wale ni wanafunzi wangu. Kisha pazia likaondolewa, vikombe vikaletwa kwangu. Nikavikalisha vidoleni kimoja kimoja, nikagonga mara moja, nikaandika. Vikombe mia mbili, Karani. Kwenye mia na arobaini mkono ulianza kufa ganzi, nikaomba maji ya uvuguvugu, nikauloweka, nikaendelea. Hakuna aliyecheka.

Wino ukafanya kazi yake. Fundi akapangusa, akapanga mezani, msaidizi wa ofisi akalinganisha na karatasi zetu. Binti aliyeshinda wenzake alikosa nane. Wa pili tisa, wa tatu tisa, kwa hiyo wote wamebaki mezani, na hilo nimelifurahia. Katika makosa yao, karibu yote yalikuwa ufa wa kwenye mkono wa kikombe. Vililia vizuri. Vililia kama kengele, wanasema.

Mimi nilikosa kimoja. Namba sitini na nane. Nilikuwa nimeandika kibovu, na wino ulikitoa safi kama yai. Meneja akakiinua juu watu wakione. Akatabasamu, sio kwa ubaya, akasema hata Bi Supa ana siku zake. Niliyasoma maneno hayo mdomoni mwake yote.

Nikanyoosha mkono nikakichukua. Nikakigonga tena, mara ya pili, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi. Kidole gumba kikaniambia vilevile. Nikamwambia: hiki ni kibovu, mtihani wako wa wino ndio uliokosea. Nikamwita fundi, nikamwambia akining'inize kwa mkono wa kikombe na akijaze maji yanayochemka.

Akakishika kwa kitambaa, akamimina birika lote. Tukasubiri. Huenda ulikuwa muda wa kuhesabu thelathini. Kisha kikombe kikaanguka sakafuni, na fundi akabaki ameshika mkono wa kikombe peke yake, kama mtu aliyeng'oa kitasa cha mlango wa watu. Mahali palipoungana palikuwa na kitundu kidogo kama mbegu ya ufuta, kimejifunga ndani ambako wino haukuweza kufika. Watu walipiga meza. Nilizisikia ngumi zao kwa viwiko.

Yule binti aliyeshinda wenzake akaja mbele yangu kabisa, akahakikisha naiona midomo yake, akasema, "Shangazi, kumbe hukuwa unatudharau." Nikamwambia sikuwadharau, nilikuwa nawaficheni. Tukashikana. Tangu siku hiyo wakitaka kunisalimia wananigusa bega kwanza.

Meneja mwenyewe ndiye aliyeibandua karatasi. Jioni ile akaniita ofisini nimwambie aandike nini badala yake. Sasa imeandikwa: Chombo cha supa ni chombo kisicho na ufa. Mkaguzi atumie sikio, mkono, au vyote viwili. Chini yake amenipa cheo cha mkuu wa meza, na kila asubuhi kabla ya kazi nawafundisha wale watatu habari za kidole gumba, masikio yao yakiwa yamezibwa pamba. Wanalalamika sana. Nawaacha walalamike, si siwasikii.

Baba yako nimemwandikia kwa bahasha yake mwenyewe, nimemweleza kila kitu na nimemwomba radhi kwa kutopokea simu zake. Usimchokoze akilia.

Ijumaa nilifika mapema. Mbao zilikuwa zimeshapangwa, vikombe vipya vya jana vikiwa bado na joto kidogo. Wenzangu wakakaa, kila mmoja na kijiti chake, na meneja akasimama nyuma yetu na daftari lake. Nikachukua cha kwanza. Kilikuwa kizuri sana, rangi imekaa sawasawa, kinang'aa hadi dirisha lilionekana ndani yake. Nikakigonga mara moja, nikakiweka kushoto, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Shangazi yako